Jicho la bwana miti linavyonolewa Olmotonyi

Tangu mwaka 1937, kwenye miteremko ya Mlima Meru nje kidogo ya jiji la Arusha, Chuo cha Misitu Olmotonyi kinafundisha kazi ambayo kwa mbali huonekana nyepesi: kupima mti. Wanafunzi wa misitu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, ambao madarasa yao yako Morogoro, nao wana msitu wao wa mafunzo hapo hapo Olmotonyi. Safari yote hiyo ina sababu.

Kanuni zenyewe zinaenea nusu ukurasa. Kipenyo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Kwenye mteremko, mpimaji husimama upande wa juu. Mti ulioinama, urefu huo huhesabiwa kwa kufuata shina. Uliogawanyika chini ya alama hiyo, huhesabiwa miti miwili. Hayo hukaririwa jioni moja.

Shambani, anayeanza hushika utepe kwa mikono miwili na akili yake yote huishia hapo: umekaa sawa, umepinda, umepita juu ya kifundo? Akimaliza kusoma namba, hajatazama kama kilele kimevunjika. Miti mamia kadhaa baadaye mikono inajua njia, na macho yanabaki huru kuona gome lililochubuka, utomvu unaovuja, mti jirani unaonyang'anya mwanga. Kazi ni ileile, ila anayeifanya sasa anaifanya kwa namna nyingine kabisa. Paul Fitts na Michael Posner, wanasaikolojia wa Marekani, waliieleza safari hiyo mwaka 1967 kwa hatua tatu: kufikiria kila tendo, kuyaunganisha matendo, kisha kuyafanya bila kuyafikiria.

Safari hiyo ni ndefu. Mwaka 1959 Mwingereza Crossman alichapisha takwimu za wafanyakazi wa kutengeneza sigara nene za tumbaku: kasi yao iliendelea kupanda kwa takriban miaka miwili, baada ya sigara mamilioni.

Lakini kurudia peke yake hakutoshi, na kwenye kuangusha mti kosa lililozoeleka linaua. Mkataji hufungua kwanza mdomo upande ambako mti utaangukia, kina chake kama robo au moja ya tano ya kipenyo. Kisha hukata kutoka nyuma na kuacha ukanda wa mbao, takriban sehemu ya kumi ya kipenyo, unaoushika mti kama bawaba unapolala. Mtu anaweza kuukata ukanda huo miaka kumi na asipate madhara, hadi siku upepo utakapogeuka.

Hata nje ya misitu, utafiti wa mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake wa mwaka 1993, kuhusu wapiga fidla wa Berlin, ulisisitiza mazoezi yenye lengo, chini ya mwalimu, na yenye masahihisho. Msituni hilo halina gharama: kadiria kipenyo kwa macho, andika, ndipo ufungue utepe. Kila mti unakupa jibu papo hapo.

Wenye mashamba ya miti wanaopokea vijana wa mafunzo kwa vitendo wasiwaweke mezani kujaza madaftari. Wawape utepe, wawape mtu wa kuwasahihisha, na wawaache msituni siku za kutosha.