Lignini Huvunjika Upesi, Tatizo Ni Kurudiana

Karibu robo ya uzito wa mti mkavu ni lignini, inayozishikamanisha nyuzi za selulosi na kuufanya mti usimame wima. Mtengeneza karatasi anazitaka nyuzi tu. Viwanda vingi, kikiwemo cha Mgololo wilayani Mufindi, huing'oa lignini kwa soda kali na salfaidi ya sodiamu. Salfa hiyo ndiyo inayonuka.

Ipo njia nyingine: kupika mti kwa pombe. Theodor Kleinert na mwenzake waliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mwishoni mwa miaka ya 1980 Kanada ikaijaribu kiwandani, huko New Brunswick. Vipande vya mti hupikwa kwa shinikizo kubwa katika ethanoli na maji, karibu nusu kwa nusu, kwenye nyuzijoto 195 hivi. Asidi haitiwi. Joto hubandua vikundi vya asetili kutoka kwenye hemiselulosi, minyororo ya sukari iliyomo pia mtini, navyo huwa asidi ya asetiki, ile ile ya siki. Mti hujitengenezea dawa ya kujivunja!

Lignini ni pete za kaboni sita, kila moja na mkia wa kaboni tatu. Kifungo kikuu ni oksijeni inayounganisha kaboni ya pili ya mkia na pete ya jirani. Asidi huanzia kaboni iliyo kando ya pete: hung'oa kilichoning'inia hapo na kuiacha na chaji chanya. Kinachofuata ndicho huamua kila kitu. Kifungo cha oksijeni kikikatika, lignini inakuwa vipande vidogo vinavyoyeyuka. Lakini kaboni hiyo yenye chaji ikidaka pete nyingine, huzaliwa kifungo cha kaboni kwa kaboni, na hicho hakikatiki tena chunguni. Ethanoli huwahi kuiziba nafasi hiyo, ingawa si kila mara.

Miti kama mikaratusi ina nafuu, kwa kuwa pete zake nyingi zina vikundi vya methoksi pande zote mbili, hivyo hazidakiki kwa urahisi. Pete za misindano zina upande mmoja wazi.

Hata kuosha kuna masharti. Rojo la nyuzi huoshwa kwanza kwa pombe ya moto, kwani maji matupu huigandisha lignini juu ya nyuzi. Baadaye maji hayo hayo huongezwa makusudi kwenye mchuzi mweusi uliobaki baada ya kupika ili lignini itue kama unga wa kahawia usio na salfa, unaofaa kutengenezea gundi, huku ethanoli ikikenekwa na kutumika tena.

Kwa misindano ya shamba la miti la Sao Hill, huko huko Mufindi, basi, njia hii bado si ya kukimbilia. Wa kujaribu aanze na mikaratusi.