Kabla hujauza ploti kulipia uzamili, uliza mafunzo kazini yatafanyiwa wapi

Wiki hii naiweka siasa kando. Kuna jambo limeingia nyumbani kwetu, na naamini limeingia au litaingia katika nyumba nyingi za Pwani.

Binti wa dada yangu alisomea jiolojia, elimu ya miamba, udongo na maji yaliyo chini ya ardhi. Alihitimu shahada ya kwanza, na huu ni mwaka wa pili yuko Kwale akimsaidia mamake dukani. Mwezi uliopita alinijia na barua. Amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ya kikazi nchi za nje, yenye mafunzo kazini ndani yake. Karo ni kubwa, na dada yangu ameanza kutafuta mnunuzi wa ploti aliyoachiwa na marehemu mumewe.

Pale barazani baada ya swala ya alasiri, mzee mmoja aliniuliza, "Shahada ya mawe anayo. Sasa ataka ya mawe ya pili ya nini?" Wengine walicheka, lakini swali lenyewe ni la haki, na makala haya ni jibu langu.

Uzamili uko wa aina mbili. Wa kwanza ni wa utafiti. Mwanafunzi husoma masomo ya darasani, kisha huchagua swali moja, hulichunguza na kuliandikia tasnifu. Hiyo ndiyo njia ya anayetaka kufundisha chuoni au kuendelea hadi udaktari. Wa pili ni wa kikazi. Masomo yake huelekezwa kwenye kazi zenyewe, kama vile kutafuta maji, kupima madini, kuchunguza ardhi kabla ya ujenzi na kulinda mazingira. Mwisho wake mwanafunzi hupelekwa mahali pa kazi kwa miezi kadhaa.

Ufaransa, kwa mfano, uzamili ni wa miaka miwili, na katika kozi za kikazi sehemu kubwa ya muhula wa mwisho huwa ni mafunzo kazini. Mwanafunzi huandika ripoti na kuitetea mbele ya jopo. Sheria ya huko inamlazimu mwajiri kumlipa posho mwanafunzi ambaye mafunzo yake yanazidi miezi miwili. Marekani nako, tangu 1997, kuna uzamili wa sayansi wa kikazi unaochanganya sayansi na masomo ya usimamizi, na mara nyingi mafunzo kazini hushika nafasi ya tasnifu.

Kwa nini mafunzo hayo yawe na uzito hivyo? Kwa sababu mwamba hausomeki kitabuni peke yake. Mashine ikitoboa ardhi na kutoa sampuli, lazima mtu aketi nazo juani, aeleze mita kwa mita rangi yake, ukubwa wa chembe zake na kama zina unyevu. Lazima apime kina cha maji kisimani kabla na baada ya kupampu, achore ramani, kisha aandike ripoti ambayo mhandisi ataitegemea. Mwanafunzi hukosea. Faida ya mafunzo ni kuwa na mzoefu pembeni wa kumwambia, "Hapa umekosea, rudia." Hata usajili wa wanajiolojia hapa Kenya, chini ya sheria ya 1993, hautazami cheti peke yake bali pia uzoefu wa kazi.

Lakini si kila mafunzo kazini ni mafunzo. Mimi nina diploma, na nilipoisomea nilipelekwa atachimenti ya miezi mitatu katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Nilibeba mafaili na kuchemsha chai. Siku ya mwisho kitabu changu kiligongwa muhuri kwamba nimehitimu mafunzo. Chai yangu ilisifiwa, alhamdulillahi, lakini kazi niliyotumwa kujifunza nilikuja kujifunza baadaye, kwa kuhangaika.

Basi kabla ya kulipa, mzazi na mtoto waulize maswali haya. Je, chuo chenyewe humtafutia mwanafunzi mahali pa mafunzo, au mwanafunzi hujitafutia? Ni miezi mingapi, na kuna posho? Nani atamsimamia kazini, na yeye mwenyewe ni mwanajiolojia? Viza ya mwanafunzi inaruhusu mafunzo hayo? Je, shahada hiyo itatambuliwa hapa nyumbani? Na waliotangulia katika kozi hiyo wako wapi leo? Chuo kisichoweza kujibu swali hili la mwisho, mimi nakitilia shaka.

Sasa nirudi kwa mzee wa barazani. Mawe haya ni yetu sisi. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, wenye matundu mengi. Ndiyo maana kisima kikivutwa kupita kiasi maji hugeuka chumvi, na choo kikiwa karibu uchafu hupenya hadi kisimani. Mchanga wa Kwale ulichimbwa ilmenaiti, rutaili na zirkoni, shehena ya kwanza ikasafirishwa 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Mlima Mrima una naiobiamu na madini adimu, na macho ya dunia yako pale. Sheria ya Madini ya 2016 inasema asilimia 20 ya mrabaha iende kwa kaunti na asilimia 10 kwa jamii inayoishi penye mgodi. Lakini nani miongoni mwetu ataisoma ripoti ya kipimo na kujua kilichochimbwa ni kiasi gani?

Niliwahi kuhudhuria kikao cha wananchi kuhusu mradi mmoja. Tuliletewa ripoti nene ya Kiingereza. Tuliuliza habari za ajira na za barabara. Hakuna aliyeuliza kina cha maji ya visima vyetu kitakuwaje, kwa kuwa hatukuwa na mtu wa kutufungulia ukurasa huo. Siku hiyo nilijua thamani ya binti kama huyu.

Kwa hivyo jibu langu kwa mzee ni kwamba shahada ya pili ina maana, ikiwa itampeleka mikono yake kwenye kazi. Na kwa kaunti zetu na kampuni zinazochimba kwetu nasema, fungueni milango. Mwanafunzi wa Kwale au Kilifi asilazimike kuvuka bahari ili aruhusiwe kushika sampuli ya mchanga wa kwao.

Binti alikiandikia chuo maswali yale. Jibu lilikuja baada ya siku nne: mwanafunzi hujitafutia mwenyewe mahali pa mafunzo. Hakulia. Alisema, "Mjomba, basi nitaanza kutafuta kabla sijaondoka." Sasa anaandika barua kila usiku duka likifungwa, na dada yangu amemwambia mnunuzi asubiri. Ploti bado ni yetu. Akipata mahali, inshallah, tutaketi tena kama familia tuamue.