Je, Madoa ya Jua Huhama?

Kitenzi "hama" hudai jambo moja: aliyeondoka Dandora juzi awe ndiye yuleyule anayepakua virago vyake Umoja leo. Mwanafunzi wa Kiswahili anayekusudia kueleza mwenendo wa uga wa sumaku juani hana budi kukipima kitenzi hiki kwanza, kwani huko hutukia mambo mawili, na moja tu ndilo kuhama kwa hakika.

Madoa meusi ya jua ni mahali ambapo uga wa sumaku umesongamana hata ukazuia joto la chini lisipande juu. Usumaku huo aliugundua George Ellery Hale mwaka 1908. Mzunguko wa jua, uchukuao takriban miaka 11, unapoanza, madoa huzuka kwenye latitudo za nyuzi 30 hivi, kaskazini na kusini. Kadiri miaka ipitavyo, huzuka karibu zaidi na ikweta. Aghalabu husemwa kwamba yamehama. La hasha! Doa huishi siku chache, pengine wiki kadhaa, kisha hutoweka. Kinachosogea ni mazalia. Umeme uliopotea (stima, kwa wakazi wa Eastlands) ukirudi usiku kwa zamu, Kayole kwanza, kisha Umoja, halafu Buruburu, aliye ghorofani huona mwanga ukitembea kuelekea mjini, ilhali hakuna balbu iliyobanduka mahali pake.

Kuhama kwenyewe kuko kwingine. Doa linapofifia, mabaki ya sumaku yake husambaa na kuchukuliwa na mkondo wa gesi uelekeao kwenye ncha za jua kwa kasi ya mita 10 hadi 20 hivi kwa sekunde, mithili ya taka zinazosombwa na maji ya mvua mtaroni. Sehemu kubwa ya mabaki yafikayo huko ni ya sumaku iliyo kinyume na ile ya nchani. Huila polepole hadi, karibu na kilele cha mzunguko, kaskazini na kusini ya sumaku hubadilishana. Ndiyo maana sumaku huchukua miaka 22 hivi kurejea hali yake ya awali.

Jua lilipopatwa tarehe 3 Novemba 2013, kikamilifu huko Turkana na kwa sehemu tu hapa Nairobi, lilikuwa katika majira hayo: kilele cha mzunguko wa 24 kilifika Aprili 2014. Mzunguko wa 25, ulioanza Desemba 2019, ulifika kileleni Oktoba 2024, na tangu hapo mazalia yanazidi kuikaribia ikweta.