Lugha ya Akiba katika Nyanda za Usangu

Huko Madibira, kwenye majaruba ya mpunga kando ya njia itokayo Mafinga, hukutana Kisangu cha wenyeji, Kihehe na Kibena cha majirani, na Kisukuma cha wafugaji waliohamia na ng'ombe wao. Na wawili wasipoelewana huingia katika Kiswahili pasipo hata kuulizana. Kompyuta haina busara hiyo mpaka ifundishwe.

Hazina ya taarifa za lugha iitwayo CLDR, itunzwayo na shirika la Unicode, inacho Kisangu kwa alama sbp; humo Januari imeandikwa Mupalangulwa, Februari Mwitope, na Jumapili Mulungu, nami naiona kuwa ni heshima kubwa kwa lugha ambayo aghalabu huishi vinywani kuliko vitabuni. Lakini ngazi yake ni fupi: jambo likikosekana katika sbp-TZ, yaani Kisangu cha Tanzania, hutafutwa katika sbp, na likikosekana humo hutafutwa katika shina lisilo la taifa lolote. Kanuni ya RFC 4647 ya mwaka 2006 nayo hukata alama ya lugha kutoka mkiani, kipande baada ya kipande, kisha humwachia msomaji lugha aliyoichagua mwenye tovuti, ambayo mara nyingi ni Kiingereza. Kwa kukata hivyo hakuna njia ya kutoka sbp kufika sw, alama ya Kiswahili, maana ujirani wa lugha hizi haumo katika herufi, umo katika maisha ya watu. Sharti mtu aipange orodha mwenyewe, sbp kwanza, sw baadaye, ndipo en ya Kiingereza.

Taabu huzidi pale maandishi yanapoletwa na wasomaji. Maneno ya vitufe ni machache, mfasiri huyamaliza; bali mkulima aelezaye kwa Kisangu jinsi maji yalivyokatika mferejini hana mfasiri anayemngojea. Maandishi yake yakibandikwa alama ya lugha ya ukurasa mzima, programu inayowasomea vipofu huyatamka kigeni, na mashine ya tafsiri huyageuza kuwa upuuzi. Insafu yataka aya yake ibebe alama yake yenyewe, ioneshwe katika lugha ya asili pasipo kufichwa, na vitufe na maelezo yanayoizunguka yawe ya Kiswahili. Akichanganya lugha, kama watu wasemavyo kila siku, iko alama mul ya lugha nyingi, na und ya lugha isiyobainika. Nazo ni bora kuliko sw ya uongo, kwani atakayekuja na kamusi iliyo kamili zaidi ataweza kuyakuta maandishi hayo na kuyapa jina la lugha yake.