Kirusi cha Kichaa cha Mbwa Chachora Ramani ya Ubongo

Mbwa mwenye kichaa akimng'ata mtu, kirusi hakitegemei damu kufika kichwani. Huingia kwenye ncha za neva zilizo msulini, kikapanda seli hadi seli mpaka ubongoni. Safari hiyo huchukua muda, ndiyo maana chanjo ikiwahi huokoa. Dalili zikishaanza, ni nadra sana mtu kupona.

Njia hiyo ya kutisha ina siri kubwa. Kirusi huvuka kinyumenyume: kutoka seli inayopokea ujumbe kwenda ile iliyoutuma. Ukikifuata, utajua seli fulani ya ubongo inasikiliza nani. Lakini kikiachwa kiruke bila kikomo, huwezi kutofautisha jirani wa karibu na yule wa mbali.

Mwaka 2007, Ian Wickersham, Edward Callaway na wenzao wa Taasisi ya Salk, California, waliondoa kwenye kirusi jeni ya protini ya ganda lake, wakaweka jeni ya protini inayong'aa kijani. Bila ganda hilo hakiwezi kuvuka. Kisha wakazipa protini ya ganda seli walizozichagua tu. Kirusi kikawa kama abiria mwenye nauli ya kituo kimoja: kinaruka mara moja, kinakwama, na seli kilipokwama inang'aa. Ili kisiingie kwingine, walikivika ganda la kirusi cha ndege, ambalo seli za mamalia hazina mlango wa kulipokea. Mlango huo wakauweka kwenye seli teule peke yake. Kwangu, huu ni miongoni mwa ubunifu mzuri kuliko wote katika sayansi ya ubongo.

Taasisi ya Allen, Seattle, ilitumia kirusi kingine kisichoruka, ikapiga picha ubongo wa panya kipande kwa kipande, na mwaka 2014 ikachapisha ramani ya miunganisho yake.

Binadamu hatudungwi virusi hivyo. Kwetu mashine ya MRI hufuatilia maji yanavyosambaa kandokando ya nyuzi za neva. Huonyesha mafungu makubwa tu, wala haisemi ujumbe unaelekea upande gani, ilhali ubongo wetu una niuroni zipatazo bilioni 86.

Kirusi cha Salk nacho kilikuwa na kasoro nzito: kiliziua seli kilizozionyesha. Mwaka 2018 kundi la Wickersham, wakati huo likiwa chuo cha MIT, lilitangaza kwamba limeondoa jeni ya pili. Seli zikabaki hai kwa miezi, na watafiti wakaweza kuzitazama zikifanya kazi.