Vipokezi vya Beta: Homoni Moja, Majukumu Tofauti

Binadamu anapotishika, moyo humwenda mbio na njia zake za hewa hupanuka. Mabadiliko haya huletwa hasa na adrenalini, homoni inayomiminwa damuni na tezi zilizo juu ya figo. Hata hivyo, homoni hiyo haifanyi kazi pasipo kupokewa. Vipokezi vyake ni protini zilizopachikwa katika utando wa seli. Mnamo mwaka wa 1948, Raymond Ahlquist wa Marekani alivigawa katika makundi mawili: alfa na beta.

Vipokezi vya beta navyo ni vya aina tatu. Vya beta-1 hupatikana hasa moyoni, ambako huongeza kasi na nguvu za mapigo. Vya beta-2 hulegeza misuli ya njia za hewa. Ndivyo vinavyoamshwa na salbutamoli, dawa anayoivuta mgonjwa wa pumu. Aidha, vya beta-3 husaidia kulegeza kibofu cha mkojo.

Ikumbukwe kuwa tofauti hizi si za kinadharia tu. Propranololi, dawa iliyobuniwa na Mskoti James Black katika miaka ya 1960, huzuia beta-1 na beta-2 kwa pamoja. Hupunguza mzigo wa moyo, lakini yaweza kumbana pumzi mwenye pumu. Kwa hivyo, mfasiri anayeieleza kuwa "dawa ya moyo" pasipo kutaja pumu huacha nje onyo ambalo msomaji wake alilihitaji zaidi.