Mfuko wa Simenti Unaofika Pinga: Jinsi ya Kuchagua Ujenzi wa Parokia

Baraza la parokia linapokaa kupanga kanisa jipya, swali la kwanza huwa bei ya simenti Goma. Kwa Pinga, mashariki mwa Kongo, swali hilo linapotosha. Kutoka Goma hadi Pinga ni kama kilomita 150, na barabara inapitia Sake, Kitchanga, Mweso na Kalembe. Mvua ikinyesha inakuwa tope, na vita vikizuka inafungwa. Vizuizi vya kulipisha wasafiri viko njiani kila siku: mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya IPIS ya Ubelgiji ilihesabu vizuizi 798 katika Kivu zote mbili. Bei ya kweli ya mfuko ni ile ya dukani, ukiongeza lori, mafuta, vizuizi, wapakiaji, na mifuko iliyolowa au kupasuka njiani.

Kwa hiyo makala haya yanalinganisha njia za kujenga kwa kipimo kimoja: mifuko mingapi ya simenti lazima ipite barabarani. Bei za dola hubadilika kila mwezi, lakini idadi ya mifuko hukaa palepale. Mkiijua, mtaizidisha wenyewe kwa bei ya siku hiyo.

Jengo la mfano

Tuchukue kanisa la mita 30 kwa 12, lenye kuta za mita 4. Ndani yake watu 500 hadi 600 wanakaa kwenye benchi. Ukiondoa milango na madirisha, zinabaki kama mita za mraba 285 za ukuta. Hesabu zinazofuata ni makadirio ya kupangia, na fundi mwenye ramani atazisahihisha.

Ukuta: njia nne

Matofali ya simenti. Yanahitajika kama 3,500 ya sentimita 40 kwa 20. Kuyafyatua na kuyajengea kunakula mifuko kama 165, zaidi ya tani 8. Faida yake ni haraka: mashine ya kufyatulia ni rahisi na mafundi wengi wanaijua kazi hiyo. Hasara ni kwamba karibu kila kitu, isipokuwa mchanga, kinatoka mbali. Fundi akipunguza simenti ili mifuko itoshe, tofali litavunjika mkononi.

Matofali ya kuchoma. Ukuta wa tofali zima unahitaji kama 32,000. Ukijenga kwa simenti na mchanga, mifuko ni kama 105. Ukijenga kwa udongo na kuziba viungo vya nje tu kwa simenti, inashuka hadi kama 20, ila ukuta wa namna hiyo unataka paa lililotokeza vizuri nje na msingi uliopanda juu ya maji ya mvua. Matofali yanafyatuliwa palepale Pinga, na fedha inabaki mikononi mwa vijana wa Pinga. Gharama inayosahauliwa ni kuni. Matanuru ya matofali elfu thelathini yanafyeka miti mingi, na parokia inayochoma bila kupanda inawaachia watoto wake mlima mtupu. Kabla ya tanuru la kwanza, kila shirika, yaani jumuiya ndogo ya waumini, lipande mikaratusi kwenye shamba la parokia.

Matofali ya udongo yaliyoshindiliwa. Mashine ya mkono ya kushindilia ilibuniwa Bogotá, Kolombia, katika miaka ya 1950, na leo zinatengenezwa hata Afrika Mashariki. Unachanganya udongo na simenti kidogo, kama asilimia 6, unashindilia, halafu unayatunza na unyevu kwa wiki kadhaa. Kwa kuta zetu yanahitajika kama 9,400, na mifuko ni kama 115 pamoja na ya kujengea. Hayahitaji kuni hata kidogo. Shida ni udongo wenyewe: wenye mfinyanzi mwingi unapasuka ukikauka. Fyatueni ishirini, myaache mwezi mzima, muone, ndipo mnunue mashine.

Mbao. Pinga iko ukingoni mwa msitu wa Walikale, na mbao kama libuyu na muvula zinapatikana bila kusubiri lori la Goma. Ukuta wa mbao hauli simenti na unasimama kwa wiki chache. Lakini mchwa na moto ni maadui wake, na baada ya miaka michache matengenezo yanaanza kula sadaka. Kwa kanisa dogo la kijijini, mbao ni chaguo la busara. Kwa kanisa la parokia, ni chaguo la muda.

Simenti inakokwenda kweli

Mabaraza mengi hubishana juu ya ukuta na kusahau sakafu. Sakafu ya zege ya sentimita 10 katika jengo letu inakula mifuko kama 215. Sakafu peke yake inazidi kuta za aina yoyote. Ukiweka mawe yaliyoshindiliwa na juu yake zege ya sentimita 6, unafika mifuko 130. Ukitandika matofali ya kuchoma na kuziba viungo, unahitaji matofali kama 13,000 na mifuko 30 hivi. Sakafu ya matofali inapendeza, inatengenezeka kipande kwa kipande, na inaweza kuja mwaka wa nne bila kuzuia Misa.

Sehemu mbili hazina njia ya mkato. Msingi wa mawe unataka mifuko kama 70. Mikanda ya zege, mmoja juu ya msingi na mmoja juu ya kuta, inataka kama 48, pamoja na nondo. Fundi asiye mwaminifu huanza kuiba kwenye mkanda wa juu kwa sababu ukishafunikwa hauonekani, na mkanda huohuo ndio unaofunga kuta zisifunguke ardhi ikitikisika. Tunaishi katika bonde la ufa. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la Bukavu lilibomoa kanisa upande wa Rusizi, Rwanda, na waumini wakafia ndani. Mfuko unaookolewa kwenye mkanda ni akiba iliyowekwa juu ya vichwa vya watu.

Sasa jumlisheni. Matofali ya simenti na sakafu nene ya zege: 70, 48, 165 na 215, yaani karibu mifuko 500, ambayo ni tani 25. Kwa lori la Fuso linalobeba tani 5, hizo ni safari tano. Matofali ya kuchoma na sakafu ya matofali: 70, 48, 105 na 30, yaani kama mifuko 250. Kanisa lilelile, viti vilevile, nusu ya barabara.

Paa: hapa msibane

Paa letu, pamoja na sehemu ya kutokeza nje, linahitaji kama mabati 240 ya mita 3. Mabati mepesi ya geji 32 yana unene wa robo milimita tu. Geji 28 yanakaribia milimita 0.4. Dukani tofauti ya bei inaonekana kubwa, na hapo ndipo mabaraza huangukia mepesi. Pimeni kwa kilo: mizigo hiyo miwili inatofautiana kwa chini ya tani moja. Lori ni lilelile, vizuizi ni vilevile. Bati jepesi likitoboka kwa kutu au kung'olewa na upepo, mtalipa barabara mara ya pili. Nunueni mazito.

Upana wa mita 12 bila nguzo ndani unataka vyuma vya paa kutoka Goma. Ukiweka safu mbili za nguzo ndani, mbao za hapa zinatosha. Nguzo zinawazuia wachache wasione altare, lakini zinaokoa mzigo mzito. Angalieni tu upana wa njia ya katikati. Misale ya Kirumi kwa Majimbo ya Zaire, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, inatupa maandamano na kucheza mbele ya altare. Kanisa lenye njia nyembamba linawanyima waumini liturujia yao wenyewe. Acheni mita tatu katikati, na uwanja wa kutosha mbele.

Paa hilohilo linavuna maji. Mvua ya milimita 10 inaleta lita 4,000 hivi. Mifereji na tangi viwemo katika bajeti ya kwanza, pamoja na vyoo.

Mkandarasi au mafundi wa parokia?

Kampuni kutoka Goma inaleta ramani, dhamana na mtu mmoja wa kuulizwa. Inaleta pia bei ya hofu: kila hatari ya barabara imeingizwa kwenye mkataba wake, na usalama ukiharibika itaondoka. Parokia ikisimamia yenyewe na mafundi wa mahali, gharama inashuka na ufundi unabaki kijijini, lakini inahitaji mtu anayejua kusoma ramani na mtunza stoo asiye ndugu wa fundi.

Kwa Pinga napendekeza mchanganyiko. Mlipeni mhandisi kwa ramani na kwa ziara tatu: msingi ukichimbwa, mkanda wa juu kabla ya kumwaga zege, na paa likipandishwa. Kazi iliyobaki wapeni mafundi wenu kwa mkataba wa hatua, na mbakize asilimia 10 hadi mvua ya kwanza ipite bila paa kuvuja.

Kazi ya kujitolea ni akiba kubwa: kubeba mawe, mchanga, maji. Lakini katika Masisi watu wamelazimishwa na wenye bunduki kufanya salongo, yaani kazi ya pamoja bila malipo, mara nyingi mno. Kazi ya kanisa isifanane na ile hata kidogo. Asiyekuja asitozwe faini, asitajwe jina kwenye matangazo.

Karatasi kabla ya jiwe

Gharama ndogo kuliko zote huja kwanza. Sheria ya ardhi ya Kongo ya mwaka 1973 inasema ardhi ni ya Serikali. Neno la mwami ni la heshima, lakini halitoshi mbele ya mahakama. Tafuteni cheti cha uandikishaji, na majirani watie sahihi kwenye mipaka. Pinga imekaa kati ya Masisi na Walikale, hivyo hakikisheni kiwanja kinaandikwa katika ofisi ya eneo husika.

Kwa upande wa Kanisa, kanuni ya 1215 ya Sheria ya mwaka 1983 inataka kibali cha maandishi cha askofu, naye hatoi kabla ya kuridhika kwamba njia za kumaliza kazi zipo. Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na baraza la uchumi. Kanuni ya 1267 inasema sadaka iliyotolewa kwa kusudi fulani itumike kwa kusudi hilo tu. Fedha za mabati zisinunue pikipiki, hata kwa mkopo wa wiki moja.

Fedha: nani anatoa nini

Michango ya mashirika ya waumini ni midogo lakini ya uhakika, na ndiyo inayowashawishi wengine. Aid to the Church in Need, shirika la misaada lililoanzishwa mwaka 1947, husaidia ujenzi wa makanisa na nyumba za mapadri na watawa, na maombi hupitia kwa askofu. Misereor ya Ujerumani hushughulikia maendeleo: kisima au shule, si kanisa. Mkipeleka ombi mahali pasipohusika mnapoteza mwaka.

Mchango wa mwenye silaha au wa anayemiliki shimo la madini kwa nguvu ukataliwe kwa upole. Jina lake litabaki ukutani baada ya yeye kuondoka, na waliofiwa wataliona kila Jumapili.

Msiweke fedha zote mahali pamoja. Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga, na parokia zenye akaunti huko zilikosa hata fedha ya misumari.

Ratiba inayovumilia vita

Vita vya M23 vilifika eneo la Pinga mwishoni mwa 2024. Kabla yake, Agosti 2013, Madaktari Wasio na Mipaka walisimamisha kazi zao Pinga kwa sababu ya vitisho. Yeyote anayepanga hapa apange hatua ambazo kila moja inatumika hata ya pili isipokuja.

Mwaka wa kwanza: karatasi, miti, matofali katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, na msingi. Mwaka wa pili: nguzo, mkanda wa juu ukibebwa na nguzo hizo, na paa. Hapo Misa inasomwa, na wakimbizi wakija wanapata pa kujikinga. Mwaka wa tatu: kuta chini ya mkanda huo. Wa nne: sakafu, milango, benchi.

Ununuzi ufuate tabia ya bidhaa. Nondo na misumari haviozi, basi vinunuliwe barabara ikiwa wazi. Simenti inapoteza nguvu baada ya miezi mitatu hivi, kwa hiyo ije kila hatua ikianza, na ilazwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Mabati huvutia waporaji yakiwa yamelundikwa, basi yakae Goma hadi nguzo zisimame, kisha yapigiliwe wiki yanapofika.

Chaguo

Kama Pinga ingekuwa kando ya lami, ningesema matofali ya simenti. Kwa barabara iliyopo leo, chaguo langu ni msingi wa mawe, mikanda miwili ya zege isiyopunguzwa, matofali ya kuchoma au ya kushindiliwa kulingana na udongo wenu, nguzo za ndani, mabati ya geji 28, na sakafu ya matofali ije mwisho. Kabla ya kumpigia simu muuzaji wa Goma, baraza liandike ubaoni idadi ya mifuko ya kila hatua na kuisoma mbele ya waumini baada ya Misa. Mchango wa mjane unastahili kuhesabiwa hadharani, mfuko kwa mfuko, tangu siku ya kwanza.